Vitobo Katikati ya Majina

Skrini nyingine ilipotoka na vitobo, nilitukana. Tusi lenyewe silirudii hapa, ila paka aliyekuwa amelala uani aliamka akahama.

Labda nieleze kwanza kazi yetu, maana wengi wanavaa fulana zenye maandishi bila kujua zimepitia wapi. Unachukua fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba sana. Hiyo ndiyo skrini. Unaipaka dawa ya kijani, unaikausha gizani, unalaza juu yake karatasi angavu yenye maandishi meusi, halafu unawasha taa kali. Sisi tunasema unachoma skrini. Dawa iliyopigwa na mwanga inakuwa ngumu, na ile iliyojificha chini ya maandishi inabaki laini, ukimwagia maji inatoka. Panabaki maandishi yaliyo wazi, na rangi inapita hapohapo tu. Hivyo ndivyo inavyokuwa kazi ikikubali. Ikikataa, dawa inaacha vitobo mahali ambapo ilitakiwa kuziba, na kila kitobo kinatema tone la rangi kwenye fulana ya mtu.

Kazi hii nilifundishwa na mume wangu, Seifu. Tuliifanya pamoja katika chumba cha uani, kwenye nyumba ya mama yake hapa mtaa wa Gerezani, mpaka mwaka jana moyo wake uliposimama akiwa kitini anakunywa chai. Nikakaa eda, nikalia mpaka nikachoka kulia. Nilipotoka eda nilifungua kile chumba, nikajifunga khanga kiunoni, nikaendelea tulipoishia. Sikuwa na pengine pa kwenda, na wala sikutaka kwenda.

Mwenye nyumba, mama mkwe wangu, ni Bi Maimuna. Mrefu, mkavu, maneno yake ya kuhesabu. Hatoki chumbani bila kujifukiza udi, na nyumba nzima, kuanzia mapazia mpaka unga wa ngano kabatini, inanukia yeye. Miaka yote niliyoolewa pale aliniita "mke wa Seifu". Seifu akafa, yeye hakubadilisha. "Mke wa Seifu, chai ipo." Akimaliza hapo, kamaliza. Nilijua kwamba ananivumilia, na mimi kuvumiliwa sikuwezi. Nipende au nichukie, lakini nijue moja.

Sasa shemeji yangu Abdulatif, mdogo wake Seifu, ana duka la mabegi Kariakoo, na Kariakoo nzima inalia stoo. Akamwambia mama yake chumba cha uani kipangishwe kwa mfanyabiashara mwenzake. Mabati ya nyumba yanavuja, na kodi ingeyabadilisha. Si mtu mbaya, na mabati kweli yanavuja. Masika nalala na ndoo pembeni ya kitanda. Bi Maimuna alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Subiri kwanza tuone kazi ya kina Hyasinta. Ikitoka vizuri, chumba kitabaki kama kilivyo. Isipotoka, mlete mpangaji wako Jumamosi."

Aliyasema hayo mbele yangu, bila kunitazama.

Hyasinta ni mama wa Masasi anayepika chakula Kivukoni, jirani na soko la samaki. Yeye na wenzake wa kanisani walikuwa na mwenzao, Violeth, aliyelazwa hospitali muda mrefu mpaka watu wakaanza kumsema kwa sauti ya chini. Wakapangiana zamu. Huyu anampelekea uji, yule anamwogesha, mwingine anakaa tu kumshika mkono. Violeth akasimama. Jumapili ilikuwa misa yake ya shukrani, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka fulana: kifuani neno moja, ASANTENI, na mgongoni majina ya wote waliomuuguza.

"Dada Nasreen," Hyasinta aliniambia, "mbele hata ukikosea kidogo haina noma. Mgongoni usinichezee. Kuna mama pale jina lake halijawahi kuandikwa popote ila kwenye kitambulisho."

Neno la kifuani lilitoka bila shida. Ni herufi nene, na vitobo vikiwa mbali na herufi unaviziba kwa brashi ndogo na maisha yanaendelea. Majina ndiyo yalinitoa jasho. Herufi zake ni ndogo, zimesongamana, na vitobo vilikaa katikati yake kabisa. Ukiziba kitobo, brashi inaziba na jina. Ukiacha, jina la Sofia linapata tone la rangi kichwani.

Nikaanza kumtafuta mchawi. Kwanza nikaishuku dawa ya skrini, nikanunua kopo jipya. Vitobo palepale. Nikashuku vumbi, nikadeki sakafu, nikafuta kuta, nikapangusa kioo cha kuchomea mpaka nikajiona ndani yake, na sikujipenda. Vitobo palepale. Nikasema labda taa inachoma kidogo, nikaiacha iwake zaidi, maandishi yakagoma kufunguka. Nikapunguza, dawa yote ikateremka na maji kama uji. Nikarudisha kipimo cha Seifu, vitobo vikanisubiri. Na kibaya zaidi, kila siku viliongezeka. Kazi za mwanzo nilipotoka eda vilikuwa vichache, vya kuziba na kusahau. Wiki ile skrini zilikuwa kama zimepigwa na tetekuwanga.

Nikampigia Theophil, fundi mwenzetu wa upande wa Msimbazi, rafiki wa Seifu tangu ujana wao.

"Mambo, shem?"

"Poa, ila njoo. Skrini zinanizingua mpaka nataka kuzivunja."

Alikuja, akainua skrini akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili siyo vumbi, shem. Vumbi linaacha kitobo chenye ncha. Hivi vya kwako ni viduara, unaona? Kitambaa kina mafuta. Dawa inapofika kwenye mafuta inajikunyata, haishiki."

"Mafuta yatoke wapi? Humu sipiki, mikononi sijipaki kitu. Marehemu alinikataza hata kula sambusa humu ndani."

"Yeye alikuwa anafanyaje asubuhi?"

"Anafungua dirisha, anaosha skrini, anazipepea kwa feni, ndiyo tunapaka dawa."

"Anaosha? Si mnaosha jioni mkimaliza kazi?"

"Tunaosha jioni na asubuhi anarudia. Humjui Seifu? Yule angeweza kuosha hata maji."

Tukacheka, tukamwombea rehema. Theophil alikuwa na kazi yake inamsubiri, akaniambia niyatafute hayo mafuta, akaondoka. Mimi nikabaki nanusa vidole vyangu kama mwehu.

Siku iliyofuata, nilipofungua chumba asubuhi, niliona kitu sakafuni, chini ya kamba tunapotundika skrini. Majivu. Majivu laini, na kipande kidogo cha mkaa. Nilikuwa nimedeki jioni kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya kishirikina. Lakini nani asiyeyaamini kidogo, akikuta mkaa chumbani kwake? Funguo za chumba kile zilikuwa kwangu na kwa Bi Maimuna, basi. Nikakaa juu ya kopo la rangi, nikapiga hesabu za mtu mwenye hasira. Kazi ikiharibika, chumba kinaenda kwa mpangaji wa Abdulatif. Abdulatif ni mwanawe wa kumzaa, mimi ni mke wa Seifu, na Seifu hayupo. Nikasema kumbe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku nzima sikuongea naye. Aliniletea chai, nikaiacha ikapoa makusudi mbele ya macho yake. Aliitazama, akaondoa kikombe.

Ijumaa alfajiri niliswali haraka, Mungu anisamehe, nikatoka peku nikasimama nyuma ya pipa la maji uani. Maneno yangu yalikuwa tayari. Nilikuwa nimeyapanga yote, ya tangu siku ya harusi yangu, na mengine ya akiba.

Haukupita muda mlango wake ukafunguka. Akatoka na shuka lake la kuswalia begani, mkononi ameshika chetezo kinachofuka moshi. Akafungua chumba changu akaingia. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikachungulia.

Bi Maimuna alikuwa anapitisha chetezo chini ya skrini zangu, moja baada ya moja, polepole. Moshi ulipanda ukapenya kwenye kitambaa, ukatokea upande wa pili. Alikuwa anaomba kwa sauti ya chini, na ile sauti sikuwahi kuisikia kwake, hata msibani.

"Ya Rabi, mwanangu Nasreen hana mtu hapa ila mimi, na mimi sina wa kunikumbusha Seifu ila yeye. Kazi yake itoke. Abdulatif naye ana haki yake, ila nipe cha kumjibu. Jicho baya lipite mbali na mikono ya mwanangu. Kama udi wa jana ulikuwa mdogo, Mola wangu, wa leo nimeongeza."

Nilishika fremu ya mlango. Mwanangu. Aliyasema hayo peke yake, mbele ya fremu za mbao, hakuna wa kumsikia wala wa kumsifu. Yale maneno yangu niliyoyapanga yalipotelea kooni, na hadi leo sijui yalikwenda wapi.

Lakini fundi ni fundi hata akilia. Nilifuta machozi, pua ikafunguka, nikausikia ule udi kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya kuuzoea. Udi wake anaupika mwenyewe. Vijiti anavichemsha na sukari, anamiminia mafuta ya manukato, anaukoroga mpaka unanata. Moshi wa kitu kama hicho unabeba mafuta. Kioo cha kabati lake mimi ndiye ninayekifuta, na siku zote kinanata, na siku zote nilidhani ni uzee wa kabati. Mafuta aliyoniambia Theophil niyatafute yalikuwa yanaingia kila alfajiri na dua juu yake. Kazi ilipoharibika aliongeza udi. Udi ulipoongezeka kazi iliharibika zaidi. Naye akaongeza.

Ndipo nikamkumbuka Seifu na kuosha kwake. Seifu alijua. Bila shaka aligundua zamani, kabla hata hajanioa, na hakumwambia mama yake kwamba dua zake zinaharibu kazi. Hakuniambia hata mimi, maana anaujua mdomo wangu. Kila asubuhi aliamka mapema akaosha, akanywa chai, akanyamaza. Nilimcheka miaka yote kwamba ana wasiwasi wa usafi. Nilirudi nyuma ya pipa nikashika mdomo nisisikike, nikamshukuru Mungu kwa mwanamume niliyepewa, hata kama alinipa kwa muda.

Bi Maimuna alipotoka na kufunga, nilihesabu pumzi zangu mpaka zikatulia, nikaingia. Niliteremsha skrini zote. Sabuni ya unga, brashi laini, maji mengi. Nikasugua pande zote mbili mpaka maji yakawa yanatandaa juu ya kitambaa bila kukatika, maana kwenye mafuta maji hukatika yakajikusanya matone. Nikazipepea kwa feni, nikapaka dawa. Ililala tulii. Ilipokauka nikachoma, nikamwagia maji, nikaanza kuona majina yanafunguka. Sofia. Hyasinta. Nice. Hajira, ambaye hata si wa kanisa lao, alikuwa na mgonjwa wake kitanda cha jirani akaingia zamu na yeye. Niliinua skrini dirishani. Hapakuwa na mwanga uliopita mahali usipotakiwa.

Nililia tena, na safari hii sikujificha. Halafu nikavuta rangi juu ya skrini mpaka mabega yakaniuma, fulana juu ya fulana, na kamba ya uani ikajaa migongo ya watu.

Jumamosi Hyasinta alifika mapema. Akamwamkia Bi Maimuna aliyekuwa amekaa barazani, "Shikamoo mama," akajibiwa "Marahaba mwanangu," na wote wawili wakaja chumbani. Abdulatif alikuwa keshafika na futi yake ya kupimia, kasimama kando kwa adabu. Hyasinta alitandaza fulana juu ya meza, akapitisha kidole kwenye majina, anasoma kwa kunong'ona mpaka akamaliza. Kisha akarudia.

"Dada Nasreen," akasema, "Mungu akubariki. Yaani Violeth akiona hivi atalia mpaka tumbebe. Ulifanyaje? Juzi si ulikuwa unataka kuacha kazi?"

Sijajibu, Bi Maimuna akatangulia. Sikuwahi kumwona ametabasamu vile.

"Ni udi, binti yangu. Nilikuwa nafukiza humu kila alfajiri. Sasa kazi imeitika, si vibaya nikisema."

"Basi asante kwa udi, mama," Hyasinta alisema, akamshika mikono miwili. Akabeba furushi lake kichwani, akaondoka akiimba.

Hapo ningeweza kunyamaza. Kazi ilishatoka, chumba nilishakipata, na yule mwanamke alikuwa na furaha. Kumwambia ukweli ilikuwa kama ile shukrani ya punda, mateke. Lakini kesho alfajiri chetezo kingerudi, na keshokutwa, na mimi sina subira ya Seifu. Halafu kulikuwa na jambo jingine lililonikaa rohoni zaidi ya kazi: aliloficha mwanawe kwa ajili yake, alistahili kulijua.

"Mama," nikasema, "nilikuona jana alfajiri. Nilisikia dua yako. Sijawahi kuombewa hivyo na mtu tangu mama yangu afariki, na nakushukuru, na sitasahau mpaka naingia kaburini. Lakini mama, vile vitobo vilitokana na udi."

Nikamweleza. Mafuta, moshi, kitambaa, dawa inavyojikunyata. Nilieleza vibaya, narudiarudia, jasho linanitoka. Abdulatif akakunja futi yake.

"Mama umesikia?" akasema. "Udi wako umekuwa uchafu. Chumba chako, nyumba yako, na unaambiwa usifukize."

Bi Maimuna alimpita. Alivuta kiti akakaa, kile alichofia Seifu, maana ndicho kilichokuwa karibu. Alizitazama skrini moja moja mpaka nikaanza kuona mizigo ya mabegi imejaa humu ndani mpaka kwenye dari.

"Na alipokuwepo mwenyewe?" akauliza. "Nilifukiza hivihivi. Mbona kazi yake haikuharibika?"

"Alikuwa anaziosha upya, mama. Kila asubuhi, kabla ya chai."

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi."

"Na hakuniambia."

"Hakukuambia. Hata mimi hakuniambia."

Alijifunika uso kwa upande wa mtandio. Mabega yakawa yanatikisika, nikapiga magoti nimshike, nikidhani nimemuua. Alipofunua uso alikuwa analia na kucheka vyote pamoja.

"Mtoto huyu! Miaka yote hiyo anaosha dua zangu kwa sabuni, anakuja kunibusu mkono, anauliza mama umeamkaje!" Akafuta macho. "Na kazi ilikuwa inakwenda?"

"Ilikuwa inakwenda, mama. Hatukulala njaa hata siku moja."

"Basi dua ilikuwa inafika kabla ya sabuni."

Akamgeukia Abdulatif. "Mwambie mwenzako akatafute stoo kwingine. Humu anafanya kazi mwanangu. Mabati tutayaziba polepole, hatujawahi kuyeyuka." Safari hii alikuwa ananitazama mimi. Abdulatif akasema sawa mama, na kusema kweli sikuona kinyongo usoni kwake. Alikwenda mwenyewe dukani akatuletea vitumbua.

Kesho yake alfajiri nilisikia mlango wangu unagongwa. Nilijua ni yeye, nikatoka na ule wasiwasi wa mtu aliyeambiwa habari njema jana na anaogopa zimebadilika usiku. Alikuwa amesimama uani bila chetezo, amekunja mikono ya gauni, ameshika beseni na sabuni ya unga.

"Nasreen," akasema, "nionyeshe alivyokuwa anaosha."

Nikateremsha skrini moja, nikaweka brashi mkononi mwake, mkono wangu juu ya wake. Nikamwambia brashi haibonyezwi, inapitishwa tu, kitambaa kisilegee. Alisugua taratibu, midomo inacheza, sikusikia alichokuwa anaomba. Akauliza kama Seifu alikuwa anaanzia katikati au pembeni.

"Pembeni, mama," nikamwambia. "Alikuwa anaanzia pembeni."

Akarudisha brashi pembeni, akaanza upya.